Sauti ya Shemeji Juu ya Moto

11 Novemba 1997

Daktari kanikataza gongo baada ya yale ya Jumapili mbele ya kanisa, ambayo sitayaandika. Mkono uliozoea kunyanyua kitu kila jioni hauwezi kukaa bure, kwa hiyo sasa unanyanyua kalamu. Nilisoma mpaka darasa la nne, mwalimu akafa. Sikumuua mimi. Atakayekuta makosa humu ayameze kama yalivyo.

Mimi ni Manyanda, Mkonongo, mkazi wa Makanyagio, Mpanda. Mke alishatangulia. Nimebaki na nyumba ya bati, jenereta ndogo na mdomo. Mtaa mzima unaniazima jenereta na kunilalamikia mdomo.

Mvua imeanza leo. Watu wanashangilia.

14 Novemba

Mvua.

16 Novemba

Leo kazi imeanza. Yupo binti wa Kifipa anaitwa Hana, anasoma chuo kikuu Dar. Profesa wake kamtuma akusanye nyimbo za kina mama wa Kipimbwe kabla hazijaenda kaburini. Kaja na kompyuta ya kukunja, ukiifunga unadhani ni mkoba wa karani.

Anayeimba ni shemeji yangu Eufrazia, mjane wa marehemu kaka yangu. Nyumba yake na yangu zimetenganishwa na ua wa mabua tu. Ndiye anayenipikia ugali, na ndiye anayenitukana nikiula. Ni Mpimbwe hasa, wa Usevya, na anazijua nyimbo za mapacha zote, zile zinazoimbwa watoto pacha wakitolewa nje. Waliozijua pamoja naye wameshazikwa. Binti yake Angela aliolewa Ikola kule ziwani, akaondoka kabla hajafika umri wa kufundishwa.

Nyimbo za mapacha mwanaume hasikii. Zina matusi ambayo wanawake wamejitengea wenyewe. Mimi kazi yangu ni jenereta, nimewekwa nayo nyuma ya choo, waya mrefu, inanguruma sikioni ili nisipate kitu. Nilitega sikio. Sikupata kitu.

Hana angeweza kutumia redio kaseti, lakini yake ilitafuna kanda mbili mwezi uliopita. Sasa sauti inaingia kwenye kompyuta moja kwa moja.

23 Novemba

Leo nimefurahi sana, naandika kabla sijasahau.

Walipomaliza kuimba niliitwa ndani. Hana akachomoa ubavuni mwa mashine kitu chembamba mfano wa biskuti.

"Hiki nini, binti?"

"Kadi, babu. Inatunza sauti, kama diski iliyomo humu ndani. Nyimbo za mama nimeziweka kote kuwili."

"Inazunguka?"

"Haizunguki. Ndani hakuna kinachotembea."

"Basi imekufa hiyo."

Shemeji akacheka mpaka akakohoa. Hana akanieleza kwa heshima, kama wanavyoelezwa wazee. Ndani ya mashine, anasema, mna sahani ngumu zinazozunguka kwa kasi, na mkono mwembamba unapita juu yake bila kugusa. Ndio ule mlio ninaousikia. Kadi haina sahani wala mkono. Ni chipu tupu.

"Na ipi ngumu kufa?" nikauliza.

"Profesa anasema kadi haiogopi kutikiswa. Diski ikitikiswa vibaya, ule mkono unagusa sahani, kwisha habari. Ila kadi nayo ni ngeni, na ukiandika na kufuta mara nyingi mno inachoka. Hakuna kisichokufa, babu."

Nikamwambia mimi nimeendesha mashine ya kusaga, nimeendesha pampu, nina jenereta. Mashine nzima inajisema. Ikinyamaza ujue ina ugonjwa. Sasa unachukua wimbo wa mtu mzima, unautia kwenye biskuti isiyopumua?

"Kwetu," nikasema, "chungu kipya hakipikiwi nyama siku ya kwanza. Unachemsha pumba, unatazama kama kinavuja. Toa nyimbo za shemeji humo, tia pumba kwanza. Ukirudi baada ya masika ukikuta pumba ipo, ndipo utie nyama."

Hana akasita. "Lakini nyimbo zikikaa sehemu mbili ni salama zaidi, babu."

"Binti, unaweka akiba yako kwa maiti?"

Hana akamtazama shemeji. Shemeji naye, ambaye hajawahi kukubaliana nami tangu aolewe, akakubali. Yeye pia ni mtu wa chungu.

"Sawa, tia pumba," akasema. "Tena hatuna haja ya kuitafuta mbali, imekaa hapo kwenye kigoda."

Ndivyo nyimbo zilivyofutwa kwenye biskuti nikaingia mimi. Nafasi ni ndogo, haizidi robo saa ya maneno. Nilisimulia kisa cha padre na mzinga wa nyuki, chote, pamoja na sehemu ambayo padre alivua kanzu. Nafasi ikabaki, nikamwigiza shemeji anavyoimba: mstari mmoja wa kubuni, kikohozi, mstari mmoja, kikohozi. Shemeji mwenyewe alikuwa nje anaokota kuni, hakusikia. Hana alicheka akijiziba mdomo.

30 Novemba

Mvua. Choo cha jirani kimeanguka. Hakukuwa na mtu ndani, bahati mbaya, maana ni mtu ninayemfahamu.

7 Desemba

Shemeji kaleta ugali na dagaa. Nikamwambia dagaa hawa wana mchanga wa Ikola wote. Akasema nisubiri nife, nitakula wa mbinguni waliooshwa. Anakohoa. Nikamwigiza. Akatabasamu kidogo tu, akaondoka na sahani.

Si kawaida yake kuondoka bila kunijibu.

12 Desemba

Hana kaenda kwao Sumbawanga, kaka yake anaoa wiki ya Krismasi. Safari ni juu ya lori la mahindi. Anasema barabara ile ya mashimo itaiua diski, kwa hiyo mashine kaiacha kwangu, kwa kuwa bati langu ndilo pekee lisilovuja hapa karibu. Kadi kaitia kwenye pochi yake.

"Hii hata ikirushwarushwa ni sawa," akasema. "Mashine ndiyo uniangalizie, babu. Pakavu. Isitikiswe. Usiiwashe."

"Mimi na mashine ni ndugu, binti."

16 Desemba

Bati langu linavuja.

Nimehamisha mashine mara tatu leo. Kitandani maji, juu ya kabati maji. Kitu chochote nikikigusa kina unyevu, hata kiberiti. Nguo zimeota ukungu.

Nikawaza, mbegu yetu tunaiweka wapi isioze? Mahindi ya mbegu tunayatundika na maganda yake jikoni, kwenye kichanja juu ya mafiga. Moshi unafukuza wadudu, joto linafukuza unyevu, na mbegu inakaa mpaka msimu unaokuja, ukiipanda inaota yote. Baba alifanya hivyo, babu alifanya hivyo. Hakuna mahali pakavu kupita pale katika nyumba yoyote ya Mkonongo.

Nimeifunga mashine kwenye mfuko wake, nikaipandisha taratibu, nikailaza katikati ya mahindi. Haitikisiki. Ni pakavu. Haijawashwa. Kila alichosema Hana nimetimiza.

Shemeji kachungulia. "Ndiyo umenipandisha huko?"

"Nakukausha, shemeji. Ulikuwa umeanza kuota ukungu."

"Usinisahau humo kwenye mbegu ukanipanda," akasema.

25 Desemba

Krismasi. Sikwenda kanisani, baada ya yale ya Jumapili ile bado naona aibu. Shemeji alikwenda, akarudi ameshikwa mkono na wanawake wawili.

3 Januari 1998

Mvua. Wanasema redioni hii mvua ina jina. Hata ikiwa na jina inanyesha vilevile.

Reli imekatika. Barabara ya Sumbawanga nayo imekatika. Hana hatarudi karibuni.

6 Januari

Shemeji yuko hospitali. Mapafu. Nesi aliniuliza amekohoa tangu lini. Nikasema tangu Novemba. Akanitazama, akaniuliza, "Na nyie nyumbani mlikuwa mnafanya nini muda wote huo?"

Nilikuwa namwigiza. Sikumwambia.

9 Januari

Eufrazia amefariki asubuhi.

11 Januari

Tumezika jana. Lazima tuzike haraka, makaburi yanajaa maji.

Nafanya nini mimi msibani, kila mtu anajua. Mimi ni shemeji, tena Mkonongo, mtani wake kwa njia mbili. Mtani kazi yake ni kuja na upuuzi ili watu wacheke katikati ya kilio. Nimefanya misiba mingi, naitwa mpaka Majengo. Jana walipoleta jeneza mtu mmoja akasema, "Manyanda, tufanyie kile kikohozi chake." Akasema kwa wema. Watu wakanisubiri.

Nilifungua mdomo. Kikohozi kilikataa kutoka. Nikasimama pale kama mtu aliyesahau jina lake, mvua inanipiga usoni, mpaka mwanamke mmoja akaanza wimbo wa kanisa ili kunisitiri.

Mdomo wangu haujawahi kunifanyia hivyo. Nimeona aibu sana.

Jambo moja linanipoza. Sauti yake iko jikoni kwangu, kavu.

19 Januari

Angela amefika. Alipata habari siku ya mazishi yenyewe, lakini barabara ya Ikola ilikuwa mto. Katembea kwa miguu mpaka Karema, kapanda trekta, lori, kavuka maji yenye kina cha kifuani, viatu kaviacha huko. Hakukuta mwili. Kakuta tuta la matope na msalaba uliolala upande.

Alikaa pale kaburini bila kulia. Mimi nikamshika bega.

"Mwanangu, usijali. Sauti ya mama yako ipo."

"Ipo wapi, baba mdogo?"

"Kwangu. Nyimbo zote za mapacha, na maneno mengine. Hana akirudi anabonyeza, mama yako anaimba."

Ndipo akalia. Alinikumbatia, mimi mzee nanuka mbuzi, akaniita baba bila ile "mdogo".

Nimeandika haya mara mbili, ya kwanza niliichana kwa kuwa nilijisifu mno.

20 Januari

Angela kahamia kwangu. Anasema hatarudi Ikola mpaka amsikie mama yake. Mume wake anajua.

Nilimwonyesha kichanja. Alipanda juu ya kinu, akaugusa ule mfuko.

"Kavu kweli," akasema.

"Nilikuambia."

24 Januari

Mvua. Moto.

27 Januari

Mvua. Angela anasema moto usizimike, unyevu unapanda hata ukutani. Kuni mbichi, moshi mwingi. Ananiambia mama yake alimwita amfundishe nyimbo mwaka juzi, alimjibu yuko kwenye dagaa, atakuja kiangazi. Anachochea huku anaongea. Macho mekundu, sijui ni moshi au ni lile.

2 Februari

Mvua. Moto.

5 Februari

Nimemkuta Angela anaongea na kichanja. Anampa habari za watoto. Nilitaka kumtania, nikageuka nikaenda kukata kuni.

11 Februari

Kuni zimekwisha mtaani. Angela kabeba gogo kutoka mtoni, peke yake, mgongoni. Nilimwambia moto mdogo unatosha. Akasema, "Baba mdogo, umeniambia wewe mwenyewe pakavu ndiyo dawa."

Ni kweli nilimwambia.

20 Februari

Moto.

8 Machi

Hana amefika! Mwembamba, kachoka. Lori lao liliteleza mtoni, likalala ubavu. Watu walitoka wazima, mizigo ikaingia majini. Pochi yake aliiokota siku ya pili kwenye matope, chini ya gunia la mahindi.

Alisikia habari za Eufrazia njiani. Walikumbatiana na Angela muda mrefu. Halafu Angela akapanda juu ya kinu mwenyewe, akaishusha mashine kama anashusha mtoto aliyelala. Alikuwa amevaa kitenge chake kizuri. Niliona tu baadaye.

Niliwasha jenereta nyuma ya choo nikarudi mbio, mwiko nimeusahau. Hana akabonyeza.

Ikasema: tak. Tak. Tak. Kimya. Tak. Tak.

"Ndiyo inaanza?" Angela akauliza.

Hana alizima, akawasha. Tak. Tak. Tak.

"Labda imechoka kulala," nikasema mimi. Mjinga.

9 Machi

Hana alinivuta nje mapema, Angela alipokwenda kuteka maji.

"Babu, ilikaa wapi?"

Nikamwambia. Kichanja, mbegu, moshi, baba yangu, babu yangu. Nilipokuwa namaliza kusema nilishajua, uso wake ulikuwa umeniambia.

"Moto siku ngapi?"

"Tangu kabla ya Krismasi. Angela alipokuja ukawa mkubwa zaidi. Hauzimwi."

Alikaa juu ya dumu la petroli, akashika kichwa. "Babu, ile sahani na ule mkono, nafasi kati yao ni ndogo kuliko unywele. Joto linavivuruga. Masizi yameingia kila tundu. Ingekuwa heri ungeiacha kwenye unyevu."

"Na kadi?"

"Kadi ilizama mtoni, ikakanyagwa na gunia. Sijaijaribu."

Tukatazamana. Yeye alikumbuka, nami nikakumbuka, kilichomo kwenye kadi.

"Mimi ndiye niliyekubali kufuta, babu," akasema. "Ninasoma chuo kikuu, nikakubali habari ya chungu."

Sikupenda aichukue aibu ile. Ni yangu, asiniibie. Lakini kuna kitu kilikuwa kinanikaba zaidi ya hicho. Yule mtoto kakaa kwenye moshi wiki hadi wiki, kabeba magogo, kachochea moto. Siku atakayoambiwa kilichoiua sauti ya mama yake, ataangalia mikono yake.

"Binti, nijibu. Ikianguka, hufa?"

"Diski? Hufa. Hata kwa kuanguka kidogo tu."

"Basi imeanguka."

"Babu!"

"Ilianguka siku uliyonipa. Nilikuwa nimelewa. Kila mtu Makanyagio ataamini, wala sina haja ya shahidi."

14 Machi

Leo tulikwenda Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi. Huko kuna Mrundi mmoja, Révérien, anayetunza kompyuta za ofisi, mtu mpole wa miwani. Hana alitaka ajaribu, huenda kuna kitu kimebaki. Tulikwenda kwa baiskeli na miguu, Angela mbele, mashine kifuani kwake kwenye kanga.

Révérien alifungua vifuniko vidogo vya chini. Akapuliza. Wingu jeusi likatoka.

"Mzee, hii mbona ina masi..."

Nikamkanyaga mguu. Nilimkanyaga sana, samahani kwake. Alinitazama, akamtazama Angela, akarudisha kifuniko. Mtu mwenye akili.

Alijaribu kwa waya wake, kwa mashine yake, kwa kila namna. Tak, tak. Mwishowe akavua miwani.

"Haisomeki, dada. Pole sana."

Hana akaitoa ile kadi, sijui kwa nini, nadhani alishindwa kukaa kimya. Ilikuwa bado na udongo pembeni. Révérien akaifuta kwa shati, akaichomeka kwenye mashine yake mwenyewe.

Haikulia, haikuzunguka, hakuna ilichofanya. Halafu nikasikia kicheko changu.

Safi kabisa! Kila neno. Padre, mzinga, kanzu. Révérien kwanza alitaka kucheka, akaona sura zetu, akaacha. Nilisema, "Zima hiyo, bwana." Angela akainua mkono, maana yake aiache iendelee.

Kwa hiyo tulisikiliza yote. Sijawahi kuona robo saa ndefu namna ile. Kisa kile nimekisimulia miaka yote, watu wanaanguka kwa kucheka, leo nilikisikia kilivyo: mzee analewa sifa. Kikafika mwisho. Nikaanza kumwigiza Eufrazia. Mstari mmoja wa kubuni, kikohozi. Mstari mmoja, kikohozi. Na kilikuwa kikohozi chake hasa, nilikuwa najua kuiga. Mwanawe alikuwa anakisikia kikohozi kilichomuua mama yake, kutoka kwenye mdomo wangu, nami nacheka katikati.

Ikaisha.

Angela akageuka kwa Hana, taratibu. "Hii ilizama mtoni?"

"Ndiyo."

"Ikalaliwa na gunia. Na yote yamo, mpaka pumzi." Akaigusa ile mashine kwenye kanga. "Na hii haikutoka nyumbani. Ilikuwa pakavu. Mimi mwenyewe niliitunza. Sasa kwa nini hii ipone, hii ife?"

Hana alifungua mdomo. Nilimtangulia.

"Niliiangusha, mwanangu."

Akanitazama.

"Siku ile ile Hana aliponiachia. Nilikuwa nimekunywa. Iliniponyoka mlangoni, ikagonga kizingiti. Nikaifuta, nikaipandisha kichanjani, sikumwambia mtu."

Mimi ni mwongo wa siku nyingi. Nimedanganya polisi, nimedanganya padre kwenye kitubio, marehemu mke wangu nilimdanganya kila Jumamosi. Siku zote uongo ulikuwa unanitoa kwenye aibu. Huu ulinitia ndani, nikafunga mlango.

"Kwa hiyo siku ile kaburini," akasema, "uliponishika bega. Ulijua."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Hapo uongo ulikuwa umekwenda mbali kuliko nilivyoupima. Lakini nikirudi nyuma, nyuma kuna moto.

"Nilijua," nikasema.

Hakunipiga. Ningeshukuru. Aliinuka akatoka, akarudi Makanyagio kwa miguu peke yake, mashine kaiacha mezani.

Révérien akaniletea maji. Akasema kwa Kiswahili chake cha polepole, "Mzee, kule kwetu wapo waliofanya mabaya wakasema hawakufanya. Wewe wa namna yako sijawahi kumwona."

Nikamwambia anyamaze anipe maji.

17 Machi

Mtaa mzima wanajua. Muuza mkaa kaniuliza kama naweza kumbebea mayai. Wakacheka. Zamani ningemjibu mpaka akimbie na mkaa wake. Nilinunua mkaa nikaondoka.

22 Machi

Hana amekusanya wanawake watatu wa Usevya waishio Majengo, kuona wanakumbuka nini. Wamekumbuka wimbo mmoja na nusu, wakagombana kwenye ile nusu. Mimi nilikaa nyuma ya choo na jenereta.

Kadi ilikuwa imejaa. Hana akaja na mashine ya Révérien aliyoazimwa, akaniuliza kwa upole kama anaweza kufuta kisa changu.

"Unaniuliza nini, binti? Futa."

"Ni sauti yako, babu. Nayo ni kumbukumbu."

"Nionyeshe pa kubonyeza."

Akanionyesha. Nilibonyeza mwenyewe kwa kidole hiki. Kisha Hana akaingiza ule wimbo na nusu, nakala yake akaitia kwenye mashine ya Révérien, na nakala nyingine atampa Révérien atunze kwenye ile ya ofisini. Kila mahali. Sikutoa ushauri.

26 Machi

Angela analala nyumba ya mama yake. Ugali anapika huko, sahani yangu anaiweka juu ya ua wa mabua bila kuita. Naichukua akiondoka. Dagaa wameoshwa, hawana hata chembe ya mchanga.

Nashindwa kuwameza.

29 Machi

Barabara ya Ikola imefunguka. Angela kaondoka asubuhi, lori la chumvi.

Nilijificha jikoni nisimtie uchungu. Nilidhani atapita tu. Alikuja mpaka mlangoni, mzigo kichwani, akasimama pale pale nilipodanganya kuwa nimeiangushia. Aliangalia kichanja, mahindi ya mbegu bado yananing'inia. Aliangalia mafiga. Siku hizi napikia mkaa nje, majivu yale ni yake, sijayazoa.

"Baba mdogo."

"Naam, mama."

"Kuiangusha, mtu yeyote anaweza kuangusha. Mama angekutukana siku mbili akanyamaza. Mimi kinachoniuma si hicho." Sauti yake haikuwa na hasira, ndiyo maana sikuweza kuinua uso. "Ungeniambia tu siku ile ya kwanza. Nisingekaa hapa wiki zote zile naunguza macho yangu kwa moshi. Moto wote ule nimeuwasha bure."

Nilitazama mikono yake. Ilikuwa imeshika mzigo, safi, haina habari.

"Bure kabisa, mwanangu," nikasema. "Nisamehe."

Hakusema amenisamehe. Alikwenda zake.